Kijani kwenye skrini, giza kwenye faiba: utatuzi wa matatizo ya mtandao wa mwanga unaoendeshwa kwa programu

Mwongozo huu ni wa fundi wa zamu kwa mtoa huduma wa mawasiliano ambaye mtandao wake wa faiba hauendeshwi tena kwa kuhamisha pachikodi (nyaya fupi za faiba) peke yake. Siku hizi amri inatoka kwenye kontrola, yaani programu kuu inayoendesha mitambo, na mtambo wa kituoni unabadilisha lamda (rangi ya mwanga inayobeba huduma), upana wa masafa au njia bila mtu kufungua mlango wa rak, kabati la mitambo. Mfano nitakaoutumia ni laini ya kawaida ya huku kwetu: kituo kikuu Tanga mjini, kituo cha kati Muheza, kisha Segera ambako njia ya Dar es Salaam na ya Moshi zinaachana, pamoja na tawi la Pangani. Ukiwa Bagamoyo majina yatabadilika, hitilafu ni zilezile.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba kontrola haioni mwanga. Inaona kile ilichoambiwa na mtambo, na mtambo nao unasema kile kilichopimwa na kihisi mahali kilipofungwa. Rangi ya kijani maana yake amri imepokelewa na hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo kila dalili iliyoandikwa hapa ianze na swali moja: nani kagusa, mkono au amri? Kama kuna mtu alifungua rak, alichimba barabara au alihamisha nguzo, anza na kioo, yaani faiba yenyewe. Kama kuna amri iliyopita saa hiyohiyo, anza na logi, kumbukumbu za matukio. Na kama hujui, anza na kioo vilevile, maana kioo hakijazi fomu ya mabadiliko.

Tahadhari kabla ya kushika chochote

Mwanga wa nanomita 1550 hauonekani kwa macho. Konekta inaweza kuonekana imekufa kumbe inatoa nguvu ya kuumiza jicho. Amplifaya (vikuza mwanga) nyingi za laini hutoa jumla ya dBm 20 au zaidi, yaani miliwati 100 kwenda juu. Mitambo mingi hujipunguza yenyewe faiba ikikatika, lakini usiweke jicho lako rehani kwa programu ya mtu mwingine. Darubini ya kukagulia konekta iwe ya kamera na skrini, si ile ya kuchungulia moja kwa moja. Vipande vya faiba vilivyokatwa viingie kwenye chupa yenye kifuniko. Kikikuingia kidoleni hukioni, na kikifika kwenye chakula ni balaa.

Penye amplifaya ya Raman, inayokuza mwanga ndani ya faiba yenyewe, hali ni tofauti kabisa. Pampu zake mara nyingi husukuma mwanga mkali kinyumenyume, kutoka upande wa kupokea kuelekea kule huduma inakotoka. Fundi anayejiaminisha kwamba "hapa tunapokea tu" ndiye aliye hatarini zaidi. Tena konekta chafu mahali hapo huungua na kubaki na kovu lisilosafishika. Kama hujafunzwa Raman, usifungue. Aitwe aliyefunzwa, pampu zizimwe, na kuzimwa kwake kuthibitishwe kwa pawamita (kipima nguvu ya mwanga), si kwa skrini.

Dalili: kontrola ni kijani, mteja hana huduma

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo inayozaa ugomvi kati ya watu wa programu na watu wa faiba.

Mara nyingi kosa liko upande wa mteja wa transponda (kifaa kinachogeuza ishara ya mteja kuwa lamda ya laini), si kwenye laini ndefu. Soma kwanza mwanga unaopokelewa kwenye mlango (porti) wa mteja. Kama hakuna kitu, pachikodi imechomolewa, au kutuma na kupokea vimegeuzwa, au konekta ina uchafu. Angalia pia rangi za konekta zenyewe. Ya kijani imekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, ya bluu haina mshazari. Ukilazimisha kijani iingie penye bluu zitashikana vizuri tu, na ukizivuta zitakuwa imara, ila nyuso hazigusani inavyotakiwa: mwanga unapotea njiani na mwingine unarudi nyuma.

Kama mwanga upo na mlango bado uko chini, linganisha mpangilio wa pande mbili. Kasi ni ileile? Usahihishaji wa makosa umewashwa kote au umezimwa kote? Moduli ya gigabiti 100 ya aina ya SR4 inautegemea, ya LR4 haiuhitaji. Fundi akibadilisha moduli bila kubadilisha mpangilio, atapima mwanga mzuri kabisa na mlango hautanyanyuka. Ukikwama, tupa lupu, yaani irudishe ishara ilikotoka: kwanza kwenye transponda ya Tanga ikitazama kwa mteja, kisha kwenye ya Segera. Lupu inakata huduma inayopita hapo, kwa hiyo ifanyike kwa idhini, na iandikwe kwenye tiketi saa ilipowekwa na saa ilipotolewa. Lupu iliyosahaulika ni tatizo jipya lenye dalili zilezile.

Sababu ya pili ni amri iliyoishia njiani. Mitambo mingi inayotumia NETCONF (itifaki ya kutuma usanidi) ina usanidi wa rasimu na usanidi unaofanya kazi. Kontrola inaweza kuandika rasimu, ikashukuriwa, na rasimu isipitishwe. Kuna sura nyingine ya jambo hilohilo inayochanganya zaidi: upitishaji wa masharti, ambao unataka uthibitisho wa pili. Uthibitisho usipofika, mtambo unarudi kwenye usanidi wa zamani wenyewe. Kwa kiwango cha RFC 6241 cha mwaka 2011, muda wa kusubiri usipotajwa ni sekunde 600. Basi mteja akikuambia, "Ilikuja ikakaa kama dakika kumi halafu ikaondoka," usikimbilie gari. Soma logi za mtambo, siyo za kontrola, utafute mahali pa kurudisha nyuma.

Mitambo mingine ina usanidi wa tatu, ule wa kuwashia. Mabadiliko yakikaa kwenye usanidi wa kufanya kazi bila kuhifadhiwa huko, yanaishi mpaka umeme ukatike na betri ziishe. Umeme ukirudi, mtambo unaamka na mambo ya mwezi uliopita. Dawa ni kuulinganisha usanidi wa mtambo na ule ambao kontrola inadhani upo, mstari kwa mstari, kabla ya kutuma amri mpya juu ya zile za zamani.

Sababu ya tatu ni picha iliyochakaa. Mkondo wa taarifa kutoka kituoni umekatika na kontrola inaendelea kuonyesha kipimo cha mwisho. Angalia muda ulioandikwa kando ya kipimo. Kipimo cha mwanga cha kweli hutikisika kidogo. Kilichokaa dBm -9.3 saa nzima bila desimali kusogea kimeshakufa.

Ya nne ni nadra lakini nzito: njia imeungwa kimakosa, na trafiki ya mteja mmoja inafika kwa mwingine. Soma utambulisho wa njia ulio kwenye fremu ya OTN (bahasha inayobeba data kwenye laini) pande zote mbili. Usipolingana, simama hapo. Funga mlango, mpigie msimamizi, na usiendelee kujaribu-jaribu. Hilo tayari ni suala la faragha ya wateja, si la ufundi pekee.

Dalili: mwanga umeshuka kuliko bajeti

Huwezi kusema umeshuka kama hujui ulipaswa kuwa ngapi; hesabu hiyo ndiyo bajeti. Chukua Tanga hadi Segera, kama kilomita 70 za barabara. Faiba ya kawaida, aina ya G.652, kwenye nanomita 1550 hupoteza takriban dB (desibeli) 0.2 kwa kilomita, hiyo ni dB 14. Kebo ikiwa ya ngoma za kilomita 4, kuna maungio kama 17. Ukiyapa dB 0.1 kila moja unapata dB 1.7. Konekta mbili za mwisho, dB 1 kwa pamoja. Jumla ni karibu dB 17, na urefu halisi wa kebo huzidi barabara kwa sababu ya misokoto ya akiba kwenye mashimo. Andika hesabu hii kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa rak. Ukikuta 19, kuna kitu. Ukikuta 25, kuna mtu.

Uchafu wa konekta unaongoza, tena kwa mbali. Kagua, safisha, kagua tena, ndipo uchomeke. Wengi husafisha bila kukagua, na wengine husafisha upande mmoja na kuusahau ule uliojificha ndani ya mtambo. Tanga ina unyevu na hewa ya chumvi, hasa vituo vya upande wa Raskazone na bandarini. Kifuniko cha konekta kilichokaa wazi wiki nzima si kifuniko tena.

Kinachofuata ni kebo au pachikodi iliyokunjwa kupita kiasi. Hii ina alama yake. Pima kwa OTDR, kifaa kinachotuma mapigo ya mwanga na kusoma yanayorudi, kwenye nanomita 1310, 1550 na 1625. Upotevu ukiongezeka kadiri urefu wa wimbi unavyopanda, ni mkunjo. Ukiwa karibu sawa kote, fikiria ungio baya, uchafu au ufa. Mkunjo wa ndani ya rak huwa ni mlango uliofungwa juu ya pachikodi, au mtu aliyefunga kamba ya plastiki kwa nguvu zake zote ili paonekane pasafi.

Baada ya hapo ndipo uende barabarani. Penye ujenzi wa barabara, na upande wa Pangani umekuwa nao, mwanga kushuka ghafla kwa dB kadhaa bila kukatika mara nyingi ni kijiko cha eskaveta kilichoinua kebo bila kuikata. Nenda leo, kesho itakatika. Kushuka taratibu, sehemu ya desibeli kila wiki wakati wa masika, kunaelekea kwenye kasha la maungio lililoingia maji.

OTDR ina masharti yake. Usiichomeke kwenye faiba yenye huduma kwa kuwa una haraka. Unaweza kuiua OTDR na kipokezi cha upande wa pili kwa pamoja. Kupima laini iliyo hai kunafanyika kwa nanomita 1625 kupitia kichujio kilichowekwa maalumu. OTDR pia haipiti kwenye amplifaya ya kawaida, kwa hiyo kila kipande cha laini kinapimwa peke yake. Weka faiba ya mwanzo, kipande kati ya OTDR na laini, ili usipofuke kwenye konekta ya kwanza. Halafu hakikisha kipeo cha mpindo (refractive index) kilichoandikwa ni cha kebo yako, kwa kawaida karibu 1.468. Kosa la 0.01 hapo linakutupa mita 340 hivi kwa kila kilomita 50, na mita 340 za kuchimba kwenye udongo wa Muheza si mchezo.

Kuna kipimo cha bure ambacho hutumika kidogo mno: chaneli ya usimamizi ya laini, ile ya nanomita 1510. Katika mitambo mingi husafiri nje ya ukanda unaokuzwa na amplifaya. Huduma zikifa na chaneli hiyo ikabaki hai, faiba ni nzima. Tafuta amplifaya au ROADM, mtambo unaopitisha, kuingiza na kutoa lamda kwa amri. Zikifa zote kwa pamoja, washa gari.

Dalili: waja leo waondoka leo

Huduma inakatika dakika mbili, inarudi, inakatika tena usiku. Fundi akifika, kila kitu kizima. Hapa vifaa havikusaidii mwanzoni. Kinachosaidia ni daftari la saa. Kusanya saa za kukatika kwa wiki moja, uzitazame bila kufikiria.

Zikikusanyikia kati ya saa 7 na saa 10 mchana, ni joto: kiyoyozi cha chumba cha mitambo, au ungio linalotanuka. Moduli za gigabiti 400 za kuchomeka hula wati 15 hadi 20 kila moja. Ukiweka kadhaa kwenye kifaa ambacho vichujio vyake vya hewa vimejaa vumbi, zitaanza kujizima kabla ya jua kutua. Zikifuata mvua, ni maji. Zikifuata kukatika kwa umeme, pima betri za volti 48 na muda wa jenereta kuwaka. Mara nyingi pengo la sekunde chache linatosha. Zikifuata upepo mkali wa kusi, tazama kebo za juu ya nguzo, hasa mahali zinaposhikwa. Zikifuata radi peke yake, na faiba inapita ndani ya waya wa kinga wa njia ya umeme mkubwa, mwelekeo wa mawimbi ya mwanga unazungushwa kwa kasi ambayo transponda inashindwa kuifuata. Hilo halitibiwi kwa kusafisha konekta. Na kwenye minara hiyo ya umeme hupandi wewe. Ni kazi ya kikosi cha wenye njia, yaani TANESCO.

Zikitokea saa kamili, kila siku, hiyo si mvua wala radi. Ni ratiba ndani ya programu. Kontrola nyingi zina kazi za kupanga upya njia au kusawazisha nguvu kwa saa maalumu.

Halafu kuna kupigwa danadana: njia ya kwanza ina ubovu mdogo, kontrola inahamisha huduma kwenye njia ya pili, njia ya kwanza inaonekana imepona, huduma inarudishwa, inaharibika tena. Angalia muda wa kusubiri kabla ya kurudi njia ya awali. Dakika 5 ni kawaida. Kama umewekwa sifuri, umepata jibu. Wakati wa kutafuta chanzo, zima kurudi kwa hiari na uiache huduma mahali pamoja.

Nitaje na lawama moja inayozunguka bure. Ulinzi wa milisekunde 50 na urejeshaji unaofanywa na kontrola kupitia ROADM si kitu kimoja. Wa pili unachukua sekunde nyingi, wakati mwingine dakika, kwa sababu lamda inapangwa upya na amplifaya zinasawazishwa. Mteja akikatika sekunde 40 na mkataba wake ni wa urejeshaji, mtandao umefanya kazi yake. Aliyemuuzia maneno mengine atafutwe ofisini, siyo kwenye rak.

Dalili: mwanga unatosha, makosa ni mengi

Kipokezi kinasoma nguvu nzuri lakini makosa kabla ya kusahihishwa yanapanda. Nguvu siyo ubora. Kinachotawala hapa ni uwiano wa mwanga na kelele, na kila amplifaya inayopitiwa inaongeza kelele yake.

Anza na modulesheni, namna data inavyopandishwa kwenye mwanga. Transponda za kisasa zinabadilishwa kwa amri: QPSK hubeba biti 2 kwa alama katika kila polaraizesheni (mwelekeo wa wimbi la mwanga), 16QAM hubeba biti 4. Kwa kasi ileile ya alama, 16QAM inadai uwiano bora zaidi kwa takriban dB 6 hadi 7. Mtu akibonyeza mara mbili ya kasi kwenye skrini, ameomba kioo kisicho na huruma kitoe dB ambazo pengine hakina. Jaribio jepesi ni kurudisha modulesheni ya chini wakati wa matengenezo: makosa yakiisha, njia ni ndefu mno au ina kelele kupita kiasi kwa kasi hiyo, na hakuna kilichoharibika.

Sababu ya pili ni nguvu iliyozidi. Silika ya fundi ni kuongeza. Ndani ya faiba, mwanga mwingi unaanza kujiharibu wenyewe na kuharibu jirani zake. Punguza dB 1 kwenye lamda hiyo peke yake. Makosa yakipungua, ulikuwa umepita kilele. Endelea kushuka polepole mpaka yaanze kupanda tena, kisha rudi nusu hatua.

Sababu ya tatu ni kubanwa na vichujio. Ishara ya gigabiti 400 yenye alama kama bilioni 60 kwa sekunde inakaa vizuri kwenye nafasi ya GHz 75. Ikipita ROADM moja, sawa. Ikipita tano, kila moja inanyoa kingo kidogo. Dalili yake ni huduma inayofanya kazi Tanga hadi Muheza na kushindwa ikiendelea mbele, ingawa nguvu imesawazishwa. Ongeza upana kwa GHz 12.5 kama jirani yupo mbali.

Kama laini ni ya zamani, ulizia moduli za kufidia mtawanyiko, yaani mapigo ya mwanga kutanuka njiani. Faiba ya G.652 hutawanya takriban pikosekunde 17 kwa nanomita kwa kilomita, na transponda za kisasa zinasahihisha hilo zenyewe kwa hesabu. Moduli hizo zilizobaki njiani zinakula dB na kuongeza uharibifu. Zisitolewe hata hivyo kama bado kuna huduma za gigabiti 10 za mtindo wa zamani, hizo zinazihitaji.

Dalili: "hakuna nafasi ya masafa"

Kontrola inakataa huduma mpya ingawa nusu ya ukanda iko wazi. Mfumo wa zamani uligawa masafa kama viwanja vilivyopimwa sawasawa, GHz 50 kila kimoja. Mfumo wa sasa, kwa kiwango cha ITU-T G.694.1, unampa kila mtu upana anaouhitaji kwa vipande vya GHz 12.5, na kitovu kinasogezwa kwa hatua za GHz 6.25 kutoka THz 193.1. Ubaya wake ni uleule wa mtaa uliojengwa bila mpango: katikati ya nyumba zinabaki vichochoro ambavyo ukivijumlisha ni uwanja mzima, ila hakuna anayeweza kujenga.

Kwa hesabu, ukanda wa THz 4.8 unabeba nafasi 64 za GHz 75. Lamda isipobadilishwa katikati, nafasi ileile lazima iwe wazi kwenye kila kipande cha njia. Tanga hadi Muheza pawe wazi, Muheza hadi Segera pawe wazi, palepale.

Sababu ya kawaida ni uhifadhi wa huduma zilizokwisha kufa: mteja aliondoka, milango ikafungwa, masafa hayakurudishwa. Ifuatayo ni ROADM moja ya kizazi cha zamani iliyobaki kwenye njia na inayojua GHz 50 tu. Ya mwisho ni mgawanyiko wa kweli. Kuhamisha lamda ili kukusanya vichochoro kunakatiza huduma zinazohamishwa, isipokuwa ziwe na njia mbadala, kwa hiyo hiyo ni kazi ya mpangaji wa mtandao na dirisha la usiku. Si ya zamu ya mchana.

Dalili: kontrola haikioni kituo

Usiwashe upya mtambo. Mwanga hauhitaji kontrola ili kupita. Huduma zinaendelea, na wewe ndiye uliyepofuka. Fundi anayezima na kuwasha ROADM ya Muheza "ili irudi kwenye skrini" anageuza upofu wa ofisini kuwa kiza cha mji.

Pitia kwa mpangilio huu:

1. Je, kituo kinafikika kwa njia nyingine ya usimamizi? Kama usimamizi unapita kwenye chaneli ya laini na faiba imekatika, rudi kwenye dalili ya pili.
2. Mlango 830 wa NETCONF uko wazi? Mabadiliko ya ngome ya usalama (firewall) ni mshukiwa wa kudumu.
3. Saa ya mtambo ni sahihi? Betri ndogo ya ndani ikifa, mtambo unaweza kuamka ukidhani ni miaka ya nyuma, na cheti cha usalama kitakataliwa.
4. Cheti chenyewe kimeisha muda?
5. Kuna kikao kilichoshika kufuli ya usanidi? Programu iliyokufa ghafla huacha kikao kikining'inia. Kifunge hicho kimoja, si vyote.
6. Toleo la programu ya mtambo lilipandishwa karibuni? Modeli za YANG (ramani za usanidi) zikibadilika, kontrola inaongea lugha ambayo mtambo umeiacha.

Namba 6 haitibiwi kituoni. Ni ya mtengenezaji na timu ya kontrola kwa pamoja.

Dalili: lamda mpya imewashwa, za zamani zimeyumba

Karibu kila mara amplifaya imewekwa kushika jumla ya nguvu badala ya kushika ukuzaji. Ukiongeza lamda, kila mmoja anapunguziwa; ukiondoa, waliobaki wanapandishwa. Badilisha hali hiyo kwa idhini, kituo kimoja baada ya kingine, kuanzia upande mwanga unakotoka. Kama hali ni sahihi, tazama kama lamda mpya imeingizwa na nguvu tofauti na wenzake. Tofauti ya dB 3 ni mara mbili ya nguvu, na jirani zake wanaisikia.

Wakati wa kuacha na kupiga simu

Acha mara moja kama kuna harufu ya kuungua au maji ndani ya rak ya umeme, kama kazi inahusu Raman au waya wa umeme mkubwa, kama huduma ya dharura au ya hospitali inapita kwenye lamda unayotaka kuigusa, au kama umebadilisha vitu viwili na hujui kipi kilileta nafuu. La mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linalochelewesha watu mpaka alfajiri: rudisha vyote viwili kwanza.

Ukimpigia mtengenezaji au timu ya juu, wape usanidi wa mtambo na ule wa kontrola kama vilivyo, saa ya kosa la kwanza, mwanga wa kutuma na kupokea kila kituo, makosa kabla ya kusahihishwa ya saa 24 zilizopita, picha za konekta kabla na baada ya kusafishwa, na faili ghafi la OTDR badala ya picha ya skrini. Toa logi kabla ya kuwasha upya chochote. Kwenye mitambo mingi zinakaa kwenye kumbukumbu inayofutika, na swali la kwanza utakaloulizwa kwenye simu litakuwa juu ya dakika zile zilizotangulia.